Kerneli Mpya, Skrini Nyeusi: Uchague Njia Gani ya Kuirudisha Draiva ya Grafiki?

Kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, imekompailiwa bila kosa, `make install` imemaliza kazi, kompyuta imewashwa upya, na skrini imebaki nyeusi. Au pengine dawati limefunguka, lakini madirisha yanajikokota na `glxinfo -B` inataja llvmpipe, yaani prosesa ndiyo inayochora kila kitu huku kadi ya grafiki imekaa bila kazi. Kwa nje ni matatizo mawili. Kwa ndani mara nyingi ni moja: kerneli mpya haikupata draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi, inayolingana nayo.

Dawa zinazotajwa ni nyingi, na kila aliyepona hupendekeza ile iliyomponya yeye. Humu nazilinganisha zile zinazotumika zaidi kwenye Linux: kurudi kwenye kerneli ya zamani, kusakinisha draiva kwa mkono, kuiachia kazi DKMS au akmods (zana zinazoijenga draiva upya kwa kila kerneli), kutumia moduli (vipande vya draiva vinavyopakiwa kwenye kerneli) zilizojengwa tayari na distro, yaani mfumo wako wa Linux kama Ubuntu au Fedora, na kuhamia draiva iliyomo ndani ya kerneli yenyewe. Kipimo changu ni kimoja. Karibu kila njia itakuwashia skrini leo. Ya kuchagua ni ile ambayo haitakuangusha siku utakapokompaili tena. Na utakompaili tena, maana marekebisho ya usalama hayaishi.

## Kwanza jua kilichokatika

Kuchagua dawa kabla ya kusoma logi, yaani kumbukumbu za mfumo, ni kupoteza usiku mzima. Kama huoni chochote, bonyeza `e` kwenye menyu ya GRUB inayotokea kompyuta inapowaka, tafuta mstari unaoanza na `linux`, andika `nomodeset` mwishoni mwake, kisha Ctrl+X. Hapo draiva za kadi zinazuiwa zisiguse skrini, na kerneli inaendelea na picha ile iliyopangwa na UEFI au BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, wakati wa kuwaka. Hii ni njia ya kuingilia tu. Ukiiacha `nomodeset` kwenye mipangilio ya kudumu, draiva za amdgpu (ya AMD), i915 (ya Intel) na nouveau (ya kadi za NVIDIA) zitakataa kupakiwa hata baada ya kuzitengeneza, na utabaki unatafuta kosa ambalo halipo tena.

Jambo moja husahaulika hapa. `nomodeset` nayo inahitaji kitu cha kuonyeshea. Kama ulipopunguza mipangilio uliondoa `CONFIG_DRM_SIMPLEDRM` na `CONFIG_FB_EFI`, draiva sahili za kuonyesha picha hiyo, vyote viwili, weusi utabaki uleule. Simpledrm imo kwenye Linux tangu toleo la 5.14, na kwenye kompyuta za x86 huenda pamoja na `CONFIG_SYSFB_SIMPLEFB`. Iache ndani daima, hata kama kadi yako ni ya bei kubwa namna gani.

Ukishaingia, au ukishawasha kerneli ya zamani na kufungua `journalctl -k -b -1` ili usome yaliyotokea mara iliyopita, tafuta sentensi ya kwanza ya lawama. Logi hizi husema wazi kuliko watu wanavyodhani.

`Module nvidia not found in directory /lib/modules/...` maana yake moduli haikujengwa kabisa kwa kerneli hii. `Invalid module format`, au `disagrees about version of symbol`, maana yake ipo lakini ilijengwa kwa kerneli nyingine. `Unknown symbol` inakuambia kuna alama, yaani jina la funksheni au kitu kingine cha kerneli, draiva inakitegemea na wewe ulikizima kwenye mipangilio. `Key was rejected by service` na `Required key not available` ni mambo ya saini, na kukompaili draiva mara kumi hakutasaidia kitu. `Direct firmware load for amdgpu/... failed with error -2` ni faili la fimwea ambalo halikupatikana. Namba -2 ndiyo kerneli inavyosema faili halipo. Na `NVRM: API mismatch` inamaanisha moduli imepakiwa vizuri, ila maktaba za kuchorea za OpenGL na Vulkan zilizo kwenye mfumo ni za toleo jingine la draiva.

Ongeza `lspci -nnk` ili ujue kadi yako ni ipi na kama chini yake kuna mstari wa `Kernel driver in use`. Mstari huo ukikosekana, kadi haina mwenyewe.

## Draiva yako iko ndani ya kerneli au nje yake?

Swali hili linaamua mengi kuliko jina la distro. Draiva za amdgpu, i915, xe na nouveau zimo ndani ya msimbo wa kerneli. Unapoikompaili kerneli, nazo zinakompailiwa humo humo, kwa hiyo haziwezi kupishana toleo nayo. Draiva ya NVIDIA inayotoka kwa NVIDIA wenyewe iko nje, na kila kerneli mpya inadai ijengewe moduli yake.

Sababu si uzembe wa mtu. Linux inalinda sana mkataba wake na programu za kawaida: programu iliyokompailiwa miaka kumi iliyopita inatarajiwa iendelee kufanya kazi. Kwa moduli hakuna mkataba kama huo. Wasanidi wa kerneli hubadilisha funksheni za ndani wanapoona inafaa, na msimamo huo ameueleza mmoja wao, Greg Kroah-Hartman, katika waraka wa `stable-api-nonsense` uliomo kwenye nyaraka za kerneli yenyewe. Kwa hiyo moduli ni kama ufunguo uliochongwa kwa kitasa kimoja. Hata kerneli ya toleo lilelile, ukibadilisha chaguo fulani za mipangilio, inaweza kuikataa moduli ya jana.

Mimi nauona msimamo huu kuwa wa haki, ingawa unaumiza. Ndio unaowezesha kosa la usalama lirekebishwe kutoka mzizi bila kubeba mabaki ya miaka. Lakini gharama yake anailipa yule mwenye draiva ya nje, na ni vizuri alijue hilo kabla hajachagua.

## Wenye AMD na Intel: usitafute draiva, tafuta faili

Kama kadi ni ya AMD au Intel, karibu njia zote zinazofuata hazikuhusu. Draiva unayo. Amdgpu imo kwenye kerneli tangu toleo la 4.2 la mwaka 2015, na xe ya Intel iliingia kwenye 6.8 mwaka 2024. Ikikwama baada ya kukompaili, sababu huwa ni moja kati ya mbili.

Ya kwanza ni mipangilio. Amri ya `make localmodconfig` inapendwa kwa sababu inabakiza moduli zile tu zilizopakiwa wakati huo, na kukompaili kunakuwa kwepesi. Lakini fikiria umeiendesha ukiwa ndani ya `nomodeset`. Amdgpu haikuwa imepakiwa, kwa hiyo inaondolewa, na kerneli mpya inazaliwa bila draiva ya kadi. Tumia amri hiyo mfumo ukiwa mzima, dawati likiwa wazi, na vifaa unavyovitumia vikiwa vimechomekwa.

Ya pili ni fimwea, zile programu ndogo ambazo draiva huzimwaga ndani ya kadi inapoamka. Hazimo kwenye msimbo wa kerneli. Zinakuja na kifurushi cha linux-firmware na kukaa `/lib/firmware`. Ukiijenga amdgpu kama moduli, yaani `m`, fimwea itasomwa kwa utulivu baada ya diski kupatikana. Ukiijenga ndani ya kerneli moja kwa moja, yaani `y`, itaitafuta fimwea mapema mno, kabla diski haijafunguliwa, na itashindwa isipokuwa faili hizo ziwe kwenye initramfs (mfumo mdogo wa faili unaopakiwa kabla ya diski kufunguliwa) au uzitaje katika `CONFIG_EXTRA_FIRMWARE`. Kati ya `m` na `y`, kwa draiva za grafiki mimi huchagua `m` bila kusita. Manufaa ya `y` ni madogo, na kosa lake ni skrini nyeusi.

Baada ya hapo jenga upya initramfs: `update-initramfs` kwenye Debian na jamaa zake, `dracut` kwenye Fedora, `mkinitcpio` kwenye Arch. Wengi wenye AMD na Intel kazi yao inaishia hapa.

## Kurudi kwenye kerneli ya zamani

Njia hii inadharauliwa, na haistahili dharau. Inachukua dakika mbili, haigusi faili lolote, na inakupa dawati kamili la kufanyia uchunguzi. Kama una kazi ya kukabidhi kesho, rudi nyuma, fanya kazi yako, tatizo litakusubiri.

Ila inafanya kazi tu kama kerneli ya zamani bado nzima. Ukikompaili toleo lilelile bila kubadilisha jina, `make install` huihifadhi picha ya zamani kwa kiambishi cha `.old`, lakini `make modules_install` huandika juu ya folda ileile ya `/lib/modules`. Kerneli ya zamani inabaki na jina, na moduli zake zimeshakwenda. Kinga yake ni `CONFIG_LOCALVERSION`: weka neno fupi kama `-jaribio2` na ulibadilishe kila unapobadilisha mipangilio. Kila kerneli inakuwa na folda yake na moduli zake.

Kama suluhisho la kudumu, hapana. Kubaki kwenye kerneli ya zamani ni kubaki na mashimo ya usalama ambayo mpya imeyaziba. Ni pahali pa kupumzikia tu.

## Kusakinisha kwa mkono dhidi ya DKMS

Huu ndio ulinganisho wanaouhitaji wenye NVIDIA, na hapa ndipo watu hukosea zaidi.

Kusakinisha kwa mkono ni kupakua faili la `.run` kutoka NVIDIA, kutoka nje ya dawati, na kuliendesha. Uzuri wake ni kwamba unapata toleo lolote, hata lile ambalo distro haijalileta bado, na makosa unayaona mwenyewe kwenye `/var/log/nvidia-installer.log`. Ukihitaji kujenga moduli peke yake kwa kerneli mpya bila kugusa maktaba, kuna `-K`. Kwa mtu anayejaribu kerneli ambazo hata hazijatolewa rasmi, hii inaweza kuwa njia pekee ya kupata draiva inayokubali.

Ubaya wake hauonekani siku ya kwanza. Kisakinishi hiki kinaweka maktaba zake kwenye mfumo bila kupitia meneja wa vifurushi wa distro. Wiki mbili baadaye distro inasasisha kifurushi chake cha NVIDIA, maktaba zinabadilika, moduli inabaki ya zamani, na unakutana na `API mismatch`. Sasa una draiva mbili nusunusu, na kuzitenganisha ni kazi kubwa kuliko tatizo ulilolianza. Kama tayari ulisakinisha kutoka kwenye distro, usilete `.run` juu yake. Chagua moja, uondoe nyingine kabisa.

DKMS ilianzishwa na Dell mwaka 2003 kwa tatizo hilihili: draiva za nje zisivunjike kerneli inapobadilika. Inahifadhi msimbo wa draiva, na kila kerneli mpya inaposakinishwa inaijengea moduli yake na kuiweka kwenye `updates/dkms`. Ukikompaili mwenyewe kwenye Debian au Ubuntu, `make install` inaita vitendo vilivyomo `/etc/kernel/postinst.d`, na DKMS imo humo. Huhitaji kukumbuka chochote.

Kwa kipimo changu, kati ya hizi mbili DKMS inashinda kwa mbali, lakini inamtaka mkompailaji aelewe mambo manne, na sehemu kubwa ya malalamiko kwamba DKMS imeshindwa yanatokana nayo.

Kwanza, mpangilio wa hatua. `make modules_install` itangulie, `make install` ifuate. Ukigeuza, DKMS inaamshwa kabla folda ya `/lib/modules` ya kerneli mpya haijawa tayari, na initramfs inajengwa bila moduli.

Pili, inahitaji kupata msimbo wa kerneli kupitia kiungo cha `/lib/modules/<toleo>/build`. Kiungo hicho kinaelekea pale ulipokompailia. Ukifuta folda ile ili kuokoa nafasi, au ukaendesha `make mrproper` ndani yake, DKMS inabaki haina cha kushika. Wanaotumia `make bindeb-pkg` wamekwepa mtego huu, kwa sababu wanapata na kifurushi cha heda, yaani faili za kujengea moduli, kinachojitegemea. Mimi nakipendekeza kwa kila mtumiaji wa Debian na Ubuntu. Hata kuondoa kerneli baadaye kunakuwa kusafi.

Tatu, na hili ndilo linalochosha watu zaidi: ukikompaili tena toleo lilelile kwa jina lilelile, DKMS inaangalia orodha yake, inaona moduli ya toleo hilo ilishajengwa, na haifanyi kitu. `dkms status` inasema `installed` na kila kitu kinaonekana sawa, huku moduli iliyopo ni ya mipangilio ya zamani na kerneli inaikataa. Iondoe kwa `dkms remove` kisha uisakinishe upya, au tumia `--force`. Ukiwa na tabia ya kubadilisha `CONFIG_LOCALVERSION`, hutakutana na hili.

Nne, kompaila iwe ileile. Kerneli iliyojengwa kwa clang inataka moduli zijengwe kwa clang, na tofauti kubwa ya matoleo ya gcc nayo inazua kelele. Usikimbilie `IGNORE_CC_MISMATCH` kabla hujajaribu kutumia kompaila sahihi. Inanyamazisha onyo bila kuondoa tofauti.

DKMS ikishindwa kujenga, jibu liko kwenye `make.log` chini ya `/var/lib/dkms/nvidia/`. Nenda kwenye kosa la kwanza, si la mwisho. Kama linalalamikia funksheni isiyojulikana au yenye idadi tofauti ya vigezo, kerneli yako imeipita draiva: unahitaji draiva mpya zaidi au kerneli ya nyuma kidogo. Kama linataja `PREEMPT_RT`, draiva imekataa kwa makusudi kerneli ya muda halisi, nawe itabidi uweke `IGNORE_PREEMPT_RT_PRESENCE=1` ukijua kwamba umetoka nje ya kile wanachokiahidi. Kama moduli imejengwa ila haipakiki kwa `Unknown symbol`, chunguza `CONFIG_TRIM_UNUSED_KSYMS`. Chaguo hilo linaondoa alama zote ambazo hakuna moduli ya ndani inayozitumia, na moduli za nje zinakosa pa kushikia.

Kuna kisakinishi cha `.run` chenye chaguo la `--dkms`, ambacho watu hukiona kama njia ya kati. Moduli zinajengwa upya zenyewe, ni kweli, lakini tatizo la maktaba kupigana na vifurushi vya distro linabaki palepale.

Watumiaji wa Gentoo hawaihitaji DKMS: wanaelekeza kiungo cha `/usr/src/linux` kwenye msimbo mpya, kisha `emerge @module-rebuild` inajenga kila moduli ya nje. Nao wa FreeBSD, ambako draiva za grafiki huja kupitia drm-kmod na hukataa kerneli isiyolingana nazo vilevile, wana njia ninayoipenda kuliko zote: ukiitaja draiva yako katika `PORTS_MODULES` kwenye mipangilio ya ujenzi, draiva inajengwa sambamba na kerneli katika kazi moja. Kerneli iliyotangulia nayo huhifadhiwa nzima pamoja na moduli zake kwenye `/boot/kernel.old`.

## Akmods, na moduli zilizo tayari

Akmods, inayotumiwa na RPM Fusion, hazina ya vifurushi vya ziada vya Fedora, ina wazo lilelile la DKMS ila inajenga kifurushi cha RPM kwa kila kerneli, na ikikuta hakuna moduli wakati wa kuwaka inaijenga hapohapo. Kwa anayetumia kerneli za Fedora ni safi kuliko DKMS, kwa sababu kila faili lina kifurushi chake. Kwa anayekompaili mwenyewe si hivyo: inataka kifurushi cha kernel-devel kinacholingana na kerneli inayoendeshwa, nawe uliyetumia `make install` peke yake huna. Jenga kwa `make rpm-pkg` na itaridhika. Onyo moja: ujenzi huchukua dakika kadhaa, na mtu akiizima kompyuta kwa haraka anakuta draiva haipo.

Moduli zilizojengwa tayari, kama zile za Ubuntu zinazoitwa linux-modules-nvidia, zimekompailiwa na kusainiwa na distro yenyewe. Hazihitaji kompaila wala heda. Kwa uthabiti hazina mpinzani. Lakini zinafanya kazi na kerneli ya distro tu, kwa hiyo kuzichagua ni kuacha kukompaili. Sisemi hilo kwa ubaya. Kama ulikompaili ili kupata chaguo moja dogo, angalia kwanza kama chaguo hilo halibadilishiki kwa kigezo cha kuwashia au kwa `sysctl`. Wapo wengi wanaobeba mzigo wa kerneli yao wenyewe kwa jambo lililokuwa la mstari mmoja.

## Moduli huria za NVIDIA: ni huria, ila bado ziko nje

Mei 2022, pamoja na tawi la 515 la draiva yao, NVIDIA walitoa msimbo wa moduli zao za kerneli kwa leseni za MIT na GPL. Tangu tawi la 560 ndizo zinazopewa kipaumbele kwa kadi zinazozikubali, yaani za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na za baada yake, na kadi za kizazi cha Blackwell hazina njia nyingine kutoka NVIDIA.

Wapo waliofurahi wakidhani hadithi ya kujenga upya imekwisha. Haijaisha. Moduli hizi bado haziko ndani ya kerneli, na kila kerneli mpya inazidai zijengwe, kwa DKMS au kwa njia nyingine. Kilichoboreka ni kwamba leseni ya GPL inazifungulia alama za kerneli ambazo moduli za siri zinanyimwa, na kerneli mpya inapovunja ujenzi, mtu yeyote anaweza kuusoma msimbo na kuandika kiraka. Kati ya moduli za siri na hizi huria, kama kadi yako ni Turing au mpya zaidi na unakompaili mara kwa mara, chukua huria.

## Nouveau: kuhama kabisa

Nouveau imo ndani ya kerneli tangu 2.6.33 ya mwaka 2010. Ukiichagua, suala zima la moduli za nje linafutika, na kwa kipimo nilichokitaja mwanzo ndiyo bora kuliko zote. Kwa nini basi siipendekezi kwa kila mtu?

Kwa sababu ya kasi. Kuanzia kadi za GTX 900 za Maxwell ya pili, NVIDIA walianza kudai fimwea yenye saini yao, na nouveau ikawa haiwezi kupandisha kasi ya kadi kutoka ile ndogo inayowakia nayo. Kadi yenye nguvu inatembea. Kwa Turing na za baadaye mambo yamebadilika: Linux 6.7 ya Januari 2024 ilileta uwezo wa kutumia fimwea ya GSP, prosesa ndogo iliyomo kwenye kadi, kadi inapanda kasi, na NVK, draiva ya Vulkan ya mradi wa Mesa, inatoa Vulkan ya kweli. Michezo mingi inachezeka. Ila CUDA, mfumo wa NVIDIA wa kufanyia mahesabu kwenye kadi, haipo, na anayefanya kazi za kujifunza kwa mashine hana budi kubaki na draiva ya NVIDIA.

Waliobanwa ni wenye kadi za GTX 900 na 1000. Kwao nouveau inatosha dawati, haitoshi mchezo.

Ukihama kutoka NVIDIA kuja nouveau, ondoa pia faili la kuizuia nouveau lililoachwa kwenye `/etc/modprobe.d`, kisha ujenge upya initramfs, kwa sababu nakala ya faili hilo imo humo pia. Wanaohama upande wa pili wafanye kinyume chake: nouveau ikitangulia kuishika kadi, moduli ya NVIDIA haina pa kuingia.

## Secure Boot hubadilisha hesabu

Secure Boot ni kinga ya UEFI inayokubali kuwasha programu zenye saini inayotambulika tu. Endesha `mokutil --sb-state`. Kama imezimwa, ruka sehemu hii.

Kama imewashwa, kerneli uliyoikompaili inahitaji saini unayoitambulisha mwenyewe, na moduli za nje pia kama kerneli imepangwa kudai saini. Moduli za ndani husainiwa wakati wa kukompaili kwa ufunguo unaojitengeneza, kwa hiyo AMD, Intel na nouveau hupita bila usumbufu. DKMS ya toleo la 3 hutengeneza ufunguo wake `/var/lib/dkms/mok.pub` na kusaini kila inachojenga. Wewe unausajili mara moja kwa `mokutil --import`, unawasha upya, na kuuthibitisha kwenye skrini ya bluu. Ubuntu huweka ufunguo wake mahali pengine, lakini utaratibu ni huo. Anayesakinisha kwa `.run` bila kukipa kisakinishi ufunguo atasaini kwa mkono kwa `scripts/sign-file` kila mara. Ukijumlisha hilo na mengine niliyoyataja, sioni sababu ya kutumia `.run` kwenye mashine yenye Secure Boot.

## Basi wewe uchukue ipi?

Mwenye AMD au Intel abaki na draiva ya ndani, aijenge kama moduli, na macho yake yawe kwenye fimwea. Mwenye NVIDIA ya Turing au mpya zaidi anayekompaili kila mwezi achukue moduli huria kupitia DKMS, vifurushi vyote vikitoka kwenye distro. Kama hana haja ya CUDA, aipe nouveau na NVK jaribio la kweli kabla ya kuamua. Mwenye NVIDIA na kazi isiyovumilia kukatika atumie kerneli ya distro na moduli zilizo tayari, na majaribio ya kukompaili ayafanye kwenye mashine nyingine. Faili la `.run` nawaachia wanaojaribu kerneli zisizotoka bado, kwenye mfumo ambao hauna kifurushi kingine cha NVIDIA.

Wanabaki wenye kadi za zamani, na kwao uchaguzi ni wa kerneli zaidi ya draiva. Kadi za Fermi zinaishia kwenye tawi la 390, za Kepler kwenye 470, na Maxwell, Pascal na Volta zinaishia kwenye 580. Tawi likishaacha kutunzwa, kila toleo jipya la kerneli linaweza kulivunja, na DKMS haiwezi kujenga msimbo usiokubali kujengwa. Viraka vya watu wa kujitolea vipo, hasa kwenye AUR, hazina ya vifurushi vya watumiaji wa Arch, na vinasaidia kwa muda. Kwa kadi hizo kompaili kerneli ya muda mrefu, zile zinazotajwa kama `longterm` kwenye kernel.org, ambayo inapata marekebisho ya usalama kwa miaka bila funksheni zake kubadilishwa ovyo. Na kama ni Kepler au Maxwell ya kwanza, jaribu nouveau: kadi hizo zilitoka kabla ya enzi ya fimwea zenye saini, na kasi yake unaweza kuipandisha mwenyewe kupitia faili la `pstate` kwenye debugfs.